Safu ya Makosa

Msimu wa besiboli wa mwaka 2023 nilikuwa mtu wa kufika kazini mapema. Zamu yangu ilianza saa moja usiku, lakini saa kumi na mbili na nusu gari langu lilikuwa tayari kwenye maegesho. Msimamizi wetu, mama mmoja asiye na maneno mengi, aliwahi kunitaja kwenye kikao kuwa mfano wa kuigwa. Nilitazama chini kwa aibu, wenzangu wakadhani ni unyenyekevu.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nakaa ndani ya gari, simu mkononi, nikipanga kikosi. Mechi nyingi za jioni za upande wa mashariki wa Marekani huanza saa moja na dakika chache usiku, na mechi ya mchezaji wako ikishaanza huwezi tena kumtoa. Nilikuwa na nusu saa ya kuhakikisha nani yumo, nani amepumzishwa, wapi mvua inanyesha na upepo unavumia upande gani. Nikimaliza, nabonyeza, moyo unadunda, ndipo naingia kuwageuza wagonjwa, kupima presha na kubadilisha nepi.

Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, viungani mwa Baltimore. Nimezaliwa na kukulia Tanga. Nilifika huku nikiwa mtu mzima, na kwa miaka mingi besiboli ilikuwa kwangu kelele za televisheni kwenye vyumba vya wagonjwa: wanaume waliosimama kwa muda mrefu wakitema mate, halafu ghafla kila mtu anakimbia. Aliyeniingiza ni mfanyakazi mwenzangu wa zamu ya usiku. Alinionyesha simu yake Aprili ya mwaka ule: alikuwa ameingia kwa dola chache akatoka na zaidi ya mia mbili. "Wewe si unapenda hesabu?" akaniambia. "Huu ni mchezo wa hesabu."

Kwa asiyeujua, nieleze. Wapenzi wa kandanda nyumbani wanaifahamu fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza: unachagua wachezaji, wakicheza vizuri unapata pointi, na msimu unakwenda mpaka Mei. Besiboli ya fantasi ya kila siku ni ndugu yake, ila umri wake ni usiku mmoja tu. Katika ile niliyocheza mimi unapewa dola 50,000 za kubuni ununue wachezaji kumi: warushaji wawili na wapigaji wanane. Nyota wana bei kali, kwa hiyo huwezi kuwachukua wote. Mpigaji wako akipiga na kufika besi ya kwanza unapata pointi 3. Akiupiga mpira ukatoka nje ya uwanja, kitu ambacho mwanzoni nilikitamka homurani, kama jina la mtu wa Pangani, unapata pointi 10 kabla ya nyongeza. Akiiba besi, pointi 5. Asubuhi yote yanafutwa, jioni unaanza upya. Pesa za kununulia wachezaji ni za kubuni. Za kiingilio ni zako.

Sikuuita kamari. Nilikuwa nimewaona vijana wa mtaani kwetu wakichana mikeka Jumapili usiku, na nilijiona mtu wa daraja jingine. Nilikuwa hata na sheria upande wangu: sheria ya shirikisho ya mwaka 2006 iliyobana kamari ya mtandaoni iliiachia mlango michezo ya fantasi, kwa hoja kwamba matokeo yake yanategemea maarifa na ustadi. Neno hilo "ustadi" nililipenda sana. Mtu anayebadilisha nepi za watu usiku kucha, ukimwambia ana ustadi ambao wengine hawana, atakusikiliza.

*

Maarifa niliyapata kwa Mzee.

Alikuwa na jina lake, lakini mimi nilimwita Mzee tangu siku ya kwanza, akaniuliza maana yake, nikamweleza, akalipenda. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha chuma cha Sparrows Point. Sasa mapafu yalikuwa yamechoka, alilala na mrija wa oksijeni puani, na usingizi ulimkataa. Saa sita za usiku nikipita na kigari cha taulo, namkuta ameketi kitandani, televisheni imepunguzwa sauti, anatazama mechi za California ambazo kwetu huanza saa nne usiku. Mapajani ana daftari na penseli.

Alikuwa anaandika mechi nzima. Sijui niliite nini kwa Kiswahili. Ni kama mtu anayeandika kila pasi ya mechi ya kandanda. Kila nafasi ya uwanjani ina nambari yake: mrushaji ni 1, mdakaji aliye nyuma ya mpigaji ni 2, besi ya kwanza ni 3, na kuendelea mpaka 9, mtu wa nyuma upande wa kulia. Mpira ukipigwa ukaokotwa na namba 6, akampa namba 4, naye akamrushia namba 3, na wawili wakatolewa kwa pigo hilo moja, Mzee anaandika 6-4-3. Mpigaji akikosa mara tatu anaandikiwa K. Akisimama tu akitazama mpira wa mwisho ukipita bila kuzungusha gongo, K hiyo inaandikwa imegeuzwa, imetazama nyuma. Mechi ya saa tatu inaingia kwenye kurasa mbili, na miaka thelathini baadaye mtu anaweza kuisoma na kuiona upya.

Chini ya kitanda chake kulikuwa na boksi la madaftari. Alinionyesha la mwaka 1988, mwaka ambao timu yake, Baltimore Orioles, ilianza msimu kwa kufungwa mechi 21 mfululizo. Alikuwa ameziandika zote 21. Nikamwambia kwamba mwaka huohuo Coastal Union ya Tanga ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara, na marehemu baba yangu alitusimulia habari hiyo mpaka tukaijua kwa moyo. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo bahati yetu ilihamia kwenu," akasema.

Alinionyesha na la tarehe 6 Septemba 1995, usiku ambao Cal Ripken alicheza mechi yake ya 2,131 bila kukosa hata moja, akaivunja rekodi ya Lou Gehrig. Watu walisimama wakapiga makofi kwa dakika 22. Mzee hakuwepo uwanjani. Alikuwa zamu ya usiku kiwandani, akasikiliza redioni, akaandika kwenye meza ya kulia chakula. Karatasi ilikuwa na doa la mafuta.

Kitu kimoja kilinishangaza tangu mwanzo. Ubao mkubwa wa matokeo kwenye uwanja wa besiboli una safu tatu mwishoni: mikimbio, mapigo, na makosa. R, H, E. Makosa! Katika kandanda kipa akiuachia mpira ukapita katikati ya miguu, ubao unaandika goli tu. Besiboli inaandika goli, halafu pembeni inaandika kwamba kosa limefanyika, na kwenye vitabu inaandika ni la nani. Kwenye daftari la Mzee ilikuwa E6, E9, E2. Hakuwa akiziandika kwa hasira. Aliziandika kwa mwandiko uleule alioandikia mapigo.

*

Wiki za kwanza nilishinda, na hilo ndilo lililoniponza. Kuna usiku niliingia kwa dola 3 nikatoka na dola 75. Niliipeleka familia kula nje, nikamwambia mke wangu nimepata saa za ziada.

Nilisoma. Nilijifunza kwamba mpigaji wa mkono wa kushoto kwa kawaida humfaidi zaidi mrushaji wa mkono wa kulia. Nilijifunza kwamba uwanja wa Denver uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali, kwa hiyo wapigaji wanaocheza kule hupandishwa bei. Nilijifunza kuangalia upepo wa Wrigley Field kule Chicago: ukivuma kutoka ziwani mipira inarudi, ukivuma kuelekea nje inaondoka. Nilijifunza kurundika: badala ya kuchukua wapigaji wanane wa timu nane, unachukua watano wa timu moja wanaofuatana katika kupiga, kwa sababu mmoja akifika besi, mwenzake anayefuata akipiga anamrudisha nyumbani, na wewe unalipwa kwa wote wawili. Wakifa, wanakufa pamoja.

Maarifa hayo yote yalikuwa ya kweli, na ndiyo maana yalinidanganya vizuri. Besiboli ina mechi 162 kwa kila timu. Luis Arraez wa Miami, aliyeongoza wapigaji wote msimu ule, alikuwa na wastani wa .354, maana yake katika kila mara mia zilizohesabiwa, takriban mara 65 alirudi kuketi bila pigo. Na huyo ndiye bora kuliko wote. Ukimtazama kwa usiku mmoja, akiwa na nafasi nne au tano za kupiga, hutajua kama umemwona bingwa au mtu wa kawaida. Mechi 162 zipo kwa sababu hiyo: siku moja haitoshi kumjua mtu. Mchezo wangu ulikuwa umeukata msimu vipande vipande na kuniuzia kipande kimoja kila jioni, kana kwamba kila kipande ni kitu kizima.

Halafu kulikuwa na hesabu ya pili, ambayo mimi mpenda hesabu sikuifanya mpaka Agosti. Mashindano niliyoyapenda yalikuwa ya kulipa dola 5 na kupata dola 9 ukiwa katika nusu ya juu. Hiyo dola moja inayopungua ni ya mwenye mchezo. Ili nisipoteze hata senti, nilitakiwa kushinda mara 56 katika kila mia. Dhidi ya nani? Mwaka 2015 gazeti la biashara ya michezo la Marekani, Sports Business Journal, lilichapisha uchambuzi kuhusu besiboli ya fantasi ya kila siku: katika nusu ya kwanza ya msimu ule, asilimia 91 ya faida ya wachezaji ilikwenda kwa asilimia 1.3 tu ya watu. Hao wana kompyuta zinazotunga vikosi mamia kwa usiku mmoja. Mimi nilikuwa na nusu saa ndani ya gari, na betri ya simu asilimia arobaini.

Hasara haikuja kwa kishindo. Dola 5 leo, 10 kesho, 25 Ijumaa. Nyumbani tunasema haba na haba hujaza kibaba. Hakuna anayekwambia kwamba kibaba kinamwagika kwa njia hiyohiyo.

*

Baba yetu alipofariki, mimi kama mtoto wa kwanza nilisimama mbele ya wajomba na mashangazi nikasema ada ya mdogo wetu wa mwisho ni juu yangu. Alikuwa anasoma uuguzi. Alikuwa ananiambia kwa simu, "Kaka, nikimaliza nitakuwa bosi wako," kwa sababu yeye angekuwa muuguzi kamili na mimi ni msaidizi tu. Tulicheka kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Julai ile alitakiwa kulipa dola 420, kama shilingi milioni moja, kabla ya kuruhusiwa kuingia kwenye mitihani ya muhula. Alinikumbusha wiki tatu kabla. Pesa nilikuwa nazo. Nasema tena kwa sababu kwa muda mrefu nilijisimulia kana kwamba sikuwa nazo: pesa nilikuwa nazo, kwenye kadi ambayo mke wangu alikuwa haijui.

Nilichukua dola 300 kati ya hizo. Nilikuwa nimeshapoteza nyingi kuliko nilivyokubali kuhesabu, na nilifikiri usiku mmoja mzuri ungerudisha kila kitu mahali pake, ada na ziada. Usiku wa kwanza nilirundika wapigaji watano wa timu ngeni iliyokuwa Denver. Hewa nyepesi, mrushaji dhaifu, joto kali. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Nilikuwa namwogesha bibi mmoja mwenye miaka tisini na kitu, na simu ilikuwa mfukoni ikitetemeka, na mimi nikahesabu mitetemo. Ilikuwa michache mno. Wapigaji wangu watano walipata mapigo mawili kwa pamoja. Saa nne kasoro nikaingia chooni, nikafunga mlango, nikaweka kikosi kingine kwa mechi za California. Kengele ya chumba cha jirani ililia mara mbili nikiwa humo. Sikuenda haraka. Mgonjwa alikuwa anataka maji tu, hakupatwa na neno, lakini mimi najua kwamba wakati huo sikujua anataka nini.

Kwa usiku nne dola 300 zikaisha.

Mdogo wangu alipopiga simu nilimwambia benki imechelewesha muamala. Siku mbili baadaye nikamwambia tena hivyohivyo. Siku ya mtihani wa kwanza alinitumia ujumbe wa sauti. Hakulia. Kulikuwa na sauti ya watu wakipita, viti vikisogezwa kwa mbali. Alisema, "Kaka, niko nje ya ukumbi. Wameanza. Usijali, najua ni benki." Chuo kilimwambia arudie muhula.

Usijali, najua ni benki. Nimesikia matusi mengi maishani, hakuna lililoniingia kama hilo.

*

Usiku ule Mzee alikuwa macho. Aliniangalia nikibadilisha chupa ya maji ya mashine ya oksijeni, akaniuliza nina nini. Nikasema nimekuwa na bahati mbaya siku hizi. Kwa kuwa alikuwa mgeni kwangu na mimi kwake, na kwa kuwa ilikuwa saa nane za usiku, nikamweleza. Si yote, lakini karibu yote. Nilitumia neno hilo mara nyingi, bahati. Bahati mbaya Denver, bahati mbaya ya mvua, bahati mbaya ya mrushaji aliyeumia kiwiko katika awamu ya pili.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Na ile ya dada yako? Ni pigo au ni kosa?"

Sikumwelewa. Akafungua daftari.

Mpira unapopigwa na mtu akafika besi, aliniambia, mwandishi rasmi wa mechi lazima aamue. Pengine mpira ulipigwa vizuri na hakuna ambaye angeuzuia. Hilo ni pigo, mpe sifa mpigaji, usimlaumu mtu. Pengine mpira ulikuja wa kawaida ukamponyoka mlinzi. Hilo ni kosa. Kipimo chake kimeandikwa kwenye kanuni, nacho ni maneno mawili tu: juhudi ya kawaida. Mwandishi haulizi kama mlinzi angekuwa malaika. Anauliza kama mlinzi wa kawaida, kwa juhudi ya kawaida, angeudaka.

"Denver ni pigo," Mzee akasema. "Hakuna ambaye angeuzuia upepo. Kutuma pesa ambayo unayo mkononi?" Hakumalizia.

Nilisimama pale na chupa mkononi. Nilitaka anionee huruma, na naamini alinionea, ila hakuniandikia pigo.

Ndipo nikatambua jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu miezi minne. Katika mchezo wangu wa simuni, makosa hayapo. Mpigaji wako anaweza kuuachia mpira ukapita, timu yake ikafungwa kwa sababu yake, na pointi zako zisipungue hata moja. Anahesabiwa kwa alichopiga tu. Nilikuwa nimetumia mamia ya saa katika besiboli isiyo na safu ya tatu, na nilikuwa nimeanza kuishi hivyo. Ushindi wa dola 75 niliukumbuka kwa tarehe. Hasara zote niliziita kwa jina moja, bahati, na jina hilo halina nambari ya mtu.

*

Asubuhi sikulala. Nilichukua daftari la shule la binti yangu lililobaki kurasa, nikafungua historia ya akaunti, nikaandika. Kila dola iliyoingia, kila iliyotoka. Kuanzia Aprili nilikuwa nimeweka dola 2,315. Nilikuwa nimetoa dola 540. Nilichora safu ya tatu, nikaiandika E, na humo nikaweka uongo niliousema, mmoja mmoja, na niliyemwambia. Saa za ziada: mke wangu. Gari linahitaji breki: mke wangu. Benki: mdogo wangu. Benki tena. Ilifika tisa.

Mke wangu aliporudi kutoka kazini watoto walikuwa bado shule. Nilimpa daftari kwa sababu nilijua nikianza kwa mdomo nitaanza kupamba. Alisoma akiwa amesimama, mkoba bado begani. Alipofika chini alirudi juu, akasoma tena.

"Hii E ni nini?"

"Makosa."

Akanyamaza. Halafu akasema, "Na mdogo wako, yule mtoto, ndiyo hii?" Kidole chake kilikuwa juu ya neno benki.

"Ndiyo hiyo."

Hakupiga kelele. Alivua viatu, akaketi, akasema, "Baba, mimi nimefua mashuka ya hoteli kwa mkono huu mpaka umekufa ganzi, na wewe ulikuwa unaniambia breki." Kisha akaingia chumbani akafunga mlango, na sikusikia sauti yake mpaka usiku. Kesho yake alichukua kadi. Akasema kuanzia sasa ada ya wifi yake ataituma mwenyewe, na nikitaka kusema lolote niseme. Sikuwa na la kusema. Nilifuta programu mbele yake. Nilijua pia kwamba kufuta ni kazi ya sekunde tatu na kuirudisha ni ya sekunde kumi, kwa hiyo niliiomba kampuni inifungie akaunti kwa muda, jambo ambalo wanaruhusu, na nilimwomba mwenzangu wa zamu asinionyeshe tena simu yake. Kuna jioni za Agosti saa kumi na mbili na nusu mikono ilikuwa inatafuta kitu. Nilianza kuingia kazini moja kwa moja. Msimamizi aliendelea kunisifu. Safari hii angalau nilikuwa ndani.

Simu ya Tanga ilikuwa ngumu kuliko zote. Nilipanga maneno siku nzima, yote yakapotea. Nikamwambia tu, "Haikuwa benki. Ilikuwa mimi." Nikamweleza ni kitu gani. Kukawa kimya kirefu mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Kwa hiyo ulikuwa unabeti," akasema.

Nilifungua mdomo nieleze tofauti, ile ya sheria ya mwaka 2006, ile ya ustadi. Nikaufunga.

"Ndiyo," nikasema. "Nilikuwa nabeti."

"Mama anajua?"

"Nitamwambia mimi."

"Mwambie leo," akasema, akakata. Ilipita zaidi ya mwezi kabla hajanipigia yeye mwenyewe, na aliponipigia hakutaja ubosi.

*

Orioles walishinda mechi 101 msimu ule. Miaka miwili kabla walikuwa wamefungwa 110. Mwaka 2023 mzima, katika msimu wa kawaida, hakuna timu iliyowafunga mechi zote za mfululizo mmoja. Halafu Oktoba wakaingia mtoano, wakakutana na Texas, wakafungwa mechi tatu mfululizo, msimu ukaisha hivyo. Nilikuwa kazini usiku wa mechi ya tatu. Mzee aliandika mpaka mtu wa mwisho alipotolewa, akanoa penseli kana kwamba kuna kesho, akafunga daftari.

Nilimuuliza kama inauma. Akasema inauma sana. Akasema lakini hawezi kuchana kurasa za Aprili kwa sababu ya Oktoba, wala kuchana za Oktoba kwa sababu ya Aprili. Zote ni za mwaka mmoja.

Hilo ndilo nililobaki nalo. Siku moja mbaya haikunifanya kuwa mtu mbaya, na nasema hivyo kwa tahadhari, kwa sababu mwenye kosa ndiye wa kwanza kulikimbilia neno hilo. Lakini siku njema hazilifuti kosa. Katika besiboli, mkimbio unaopatikana kwa kosa la mlinzi hauwekwi kwenye hesabu ya mrushaji, hadhalilishwi kwa kitu ambacho si chake. Hata hivyo mkimbio unabaki kwenye ubao. Mdogo wangu hakukosea lolote na alimaliza chuo nusu mwaka nyuma ya wenzake. Sasa anafanya kazi. Amenisamehe, nadhani; ananiita kaka kama zamani. Pesa za kozi yake inayofuata anatumiwa na wifi yake, na risiti huwa anawarushia wote wawili.

Mzee alihamishwa karibu na binti yake, Pennsylvania, majira ya baridi yaliyofuata. Siku ya kuondoka alinipa daftari jipya na penseli mbili. Msimu ulipoanza niliketi na binti yangu mbele ya televisheni, siku yangu ya mapumziko, saa moja na dakika tano usiku, nikamfundisha nambari, 1 mpaka 9. Awamu ya nne mlinzi wetu akaokota mpira wa kawaida kabisa, akaurusha juu ya kichwa cha mwenzake. Binti yangu akanitazama.

"Huyo wa kwetu," akasema. "Tuandike pigo tu?"

Nilimpa penseli. Akaandika E6, kwa mwandiko wake mkubwa wa darasa la tatu, ikajaza kiboksi chote.